Uzito Haupungui kwa Jina: Uhakiki wa Istilahi za Kufungia Tela

Kijitabu tunachokihakiki hapa ni chembamba, nacho kisingestahili nafasi katika kurasa hizi lau si jambo moja: anayekisoma hukitumia papo hapo, tena barabarani. Ni maelezo ya Kiswahili yaliyofuatana na chuma cha kufungia tela dogo nyuma ya gari. Tulikikuta Chiungutwa, Wilaya ya Masasi, ndani ya pikapu iliyokuwa ikivuta tela la tangi la maji kuelekea uwanda wa Makonde. Jina la mfasiri halikuandikwa, wala hatulitafuti. Tunachokipima ni maneno yake.

Tela si jambo geni kusini. Mradi wa karanga wa Nachingwea, ulioanzishwa mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, ulileta matrekta kwa wingi, na tangu hapo trekta na tela ni wenzi wanaofahamika. Lakini trekta ni zito, na hufungiwa tela chini, karibu na ekseli yake ya nyuma. Pikapu hufungiwa tela mbali nyuma ya ekseli hiyo, na hapo ndipo mashaka yanapoanza.

Tuchukue mfano. Tela lina kilo 300, na maji lita 700. Jumla kilo 1,000. Tuseme mkono wa tela unaielemea pikapu kwa kilo 120, yaani asilimia 12 ya uzito wote. Kiasi hicho kimo ndani ya kanuni inayofuatwa sana kwa matela ya namna hii, ya asilimia 10 hadi 15. Kama ekseli mbili za pikapu zimeachana mita 3, na mahali pa kufungia pako mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, basi ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 120 tu, bali 168. Na ile ya mbele hupoteza kilo 48. Gari linakaa kitako, taa zinamulika juu, usukani unakuwa mwepesi, na breki za mbele zinapungukiwa na mshiko. Katika mteremko wa kushuka uwandani hilo si jambo dogo.

Chombo kinachozungumzwa kijitabuni hutumia vyuma viwili vya springi vinavyotoka penye kiungio na kukazwa kwa minyororo kwenye mkono wa tela. Vikikazwa, huliinua gari kwa nyuma kama mtu ainuavyo jiwe kwa mtaimbo. Tela likiwa na mita 3 toka kiungio hadi ekseli yake, ekseli ya mbele ya gari yaweza kurudishiwa kilo zake 48, na ekseli ya tela ikapokea karibu kilo 34. Ekseli ya nyuma ya gari sasa imebakiwa na nyongeza ya kilo 86 badala ya 168. Msomaji na ajumlishe: 86 na 34 ni 120. Hakuna hata kilo moja iliyotoweka.

Sasa tuone mfasiri alivyokiita chombo hicho. Katika ukurasa wa kwanza ni "kigawa uzito". Kuanzia ukurasa wa nne kimekuwa "kipunguza uzito". Kosa la kwanza ni la kutumia majina mawili kwa kitu kimoja, na kila mtunga istilahi analijua. La pili ni kubwa zaidi, kwa sababu jina lenyewe linasema uongo. Tulipomwuliza dereva kwa nini juu ya tela kulikuwa na mapipa mawili ya lita 200 mbali na tangi, alijibu kwa adabu, "Kaka, kitabu chenyewe kinasema kinapunguza uzito. Tumeona tuongeze kidogo." Kidogo hicho ni kilo 400. Dereva hakukosea kusoma. Alisoma Kiswahili sanifu akakifuata kama kilivyoandikwa.

Je, "kigawa uzito" lingefaa lau lingeshikiliwa peke yake? Tunadhani la. Kitenzi gawa, katika matumizi ya kila siku, huleta picha ya mtu anayetoa: aliyegawa hubakiwa na pungufu. Sambaza na tawanya navyo huelekea kwenye kueneza vitu vingi mahali pengi, ilhali hapa uzito hauendi ovyo. Unatoka ekseli moja kwenda nyingine mbili zinazojulikana. Sawazisha kina mvuto, kwani gari lililokuwa limekaa kitako hurudi usawa. Hata hivyo, dereva atakayesikia "kisawazisha" ataamini kwamba chombo kitarekebisha mzigo uliopangwa vibaya. Hakitarekebisha. Mzigo uliorundikwa nyuma ya ekseli ya tela hulifanya tela liyumbe.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Lipo neno wenzo, linalofundishwa shuleni pamoja na egemeo, nalo lataja kazi halisi ya chombo hiki. Tena wazo lenyewe ni la kale. Abebaye mzegazega husogeza bega lake kwenye mpiko mpaka pande zote mbili zitulie, na hakuna mchukuzi aliyepata kudhani kwamba kwa kusogeza bega amepunguza mzigo. Anajua ameuweka mahali pake. Istilahi njema ingemkumbusha dereva jambo hilohilo.

Makosa mengine yametokana na kufuata umbo la lugha ya kigeni neno kwa neno. Ule uzito wa kilo 120 umeitwa "uzito wa ulimi". Mswahili akisikia hivyo atamfikiria mtu mwenye kigugumizi. Kitenzi elemea kiko tayari, nacho kinabeba maana ya kushuka na kukandamiza pamoja. Kwa nini tusiseme mwelemeo wa mkono? Vile vyuma viwili navyo vimeitwa "fimbo za chemchemi". Chemchemi ni mahali maji yachimbukapo, na watu wa uwandani, ambao kwa vizazi vingi waliteremka mabondeni kuyafuata maji, hawahitaji kuelezwa hilo. Fundi yeyote husema springi. Mkopo uliokwisha kuzoewa ni bora kuliko neno la asili lililowekwa pasipo pake.

Haki itendeke. Mfasiri amepanga hatua za kufunga na kufungua kwa utaratibu mwema, na sentensi zake ni fupi. Ametumia kuyumba pale ambapo mwingine angeandika mrama kwa kupenda madoido. Mrama ni wa chombo cha baharini kinacholala huku na huku, ilhali tela hufagia barabara kwa mkia. Ameonya pia kwamba vyuma vikikazwa kupita kiasi, magurudumu ya nyuma ya gari hukosa mshiko, na onyo hilo lina manufaa makubwa kwenye mchanga. Inasikitisha kwamba onyo jema limefunikwa na jina baya lililoandikwa kwa herufi kubwa jaladani.

Kwa hiyo twapendekeza haya yafikiriwe:

(a) Kiungio: chuma kinachounganisha gari na tela. Kiungo lina maana nyingi mno. Kiungio, kwa mfano wa kifungio, hutaja chombo cha kuungia.

(b) Kiungio cha wenzo: kiungio chenye mitaimbo ya springi inayohamisha sehemu ya mwelemeo kutoka ekseli ya nyuma ya gari kwenda ekseli ya mbele na ya tela, bila kubadili jumla ya uzito.

(c) Mtaimbo wa springi: kila kimoja cha vyuma viwili vifanyavyo kazi ya wenzo.

(d) Mwelemeo wa mkono: uzito ambao mkono wa tela huushusha juu ya kiungio.

Fasili ya (b) ni ndefu kwa makusudi. Maneno yake matano ya mwisho ndiyo ambayo kijitabu kiliyaacha, nayo ndiyo yangeyabakiza mapipa yale mawili chini, Chiungutwa.