Kumpima Kinyonga Ubaoni

Anayetaka kujua thamani ya picha ya kiumbe mdogo, awe kinyonga, kobe au nge, asianze na rangi. Atazame kwanza pale pasipochorwa kitu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972, mara nyingi alichora mnyama mmoja tu kwenye kipande cha hadibodi, nyuma yake pakiwa patupu. Mnyama yule hana mwenzake, lakini mwili wake umetanda karibu kugusa kingo. Upweke na ustahimilivu vimekaa mahali pamoja: yuko peke yake, na bado ubao ni wake. Wapo wanaosema utupu huo ni haraka ya mchuuzi aliyewauzia wageni kwa rangi ya baiskeli. Huenda. Ila haraka inaeleza kwa nini nyuma ni patupu, haielezi kwa nini mnyama akatanda. Wanaoiga kwa haraka hiyohiyo humbandika katikati kama muhuri, naye hupotea.

Kipimo cha pili ni mwili, na hapa Usukuma una la kusema. Bayeye, chama cha washika nyoka, walichora kutani katika nyumba zao. Mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Haikuwa bidhaa ya mtalii, na waliokuwa wakiitazama walimjua nyoka kwa mikono. Jicho la namna hiyo ndilo la kuazima. Kinyonga ana vidole vitano kila mguu, viwili upande huu na vitatu upande ule, vikibana tawi kama koleo. Mchoraji anayempa mguu wa kuku amemnyang'anya kinachomweka hai, maana asiye na kundi hutegemea mwili wake tu. Mtu atauliza: mbona Tingatinga mwenyewe alipindisha maumbo? Alipindisha, naam, lakini kukuza jicho au shingo ni kuongeza nguvu ya mnyama. Kukosea vidole ni kutomjua.

Mchunga ng'ombe wa Sola, mkoani Simiyu, aliyekwisha kumwona kobe akivuka mbuga kiangazi, hahitaji shahada kuamua. Kobe ambaye miguu yake haibebi gamba, mrudishie muuzaji hata akishusha bei.