Solo na Peke Yake: Maneno Mawili Yasiyolingana

Wanaofasiri maandishi ya Kifaransa juu ya muziki wa Kongo huwa na haraka ya kuandika «pekee» kila wanapokuta neno solo. Asili ya neno inawaunga mkono, kwani solo ni neno la Kiitalia lenye maana hiyo. Matumizi ya wanamuziki, hata hivyo, yanawapinga.

Katika bendi ya Kongo mpiga solo hapigi peke yake hata kidogo. Anao wenzake wa gitaa la kusindikiza, wa mi-solo na wa besi. Kazi yake ni kuchukua sauti ya juu, hasa katika sebene, wakati uimbaji umepungua na watu wanacheza. Solo, basi, ni jina la kazi. Ushahidi ulio wazi ni mi-solo yenyewe, gitaa linalokaa kati ya solo na lile la kusindikiza: «mi» ya Kifaransa ni nusu. Anayeshikilia kwamba solo ni upweke na aeleze nusu ya upweke ni kitu gani! Docteur Nico Kasanda (1939-1985), ambaye solo yake ilisifiwa kote Afrika, alipiga pamoja na kaka yake Dechaud katika African Jazz na baadaye katika African Fiesta.

Mfano wa kinyume unatoka Katanga. Hugh Tracey alipomrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, Mwenda alikuwa na gitaa moja tu. Kwa kidole gumba alishika besi, na kwa kidole cha shahada akatoa wimbo juu yake. Huyu ndiye aliyepiga peke yake kwa maana kamili. Kumwita mpiga solo ni kumwachia sauti ya juu na kumnyang'anya besi, hali ufundi wake wote umo katika kuziunganisha hizo mbili.

Sarufi nayo yataka uangalifu. «Peke» hudai kimilikishi: peke yangu, peke yao. «-a pekee» husema jambo jingine: mpigaji wa pekee ni yule asiye na mfano, na huenda ana bendi nzima nyuma yake. Hapo tafsiri nyingi huharibika, maana msomaji aliyetaka habari hupewa sifa. Ni kweli kwamba «peke yake» huvuta huruma kidogo, kama isemwavyo juu ya aliyefiwa na wote, na labda ndiyo sababu wengine huikwepa. Dawa ni nyepesi: «alipiga gitaa peke yake, bila bendi».

Kujiimbia ni jambo la tatu. Mwanamke anayetwanga hujiimbia, pasipo kumtafuta msikilizaji. Mwenda, hata alipokuwa peke yake na gitaa lake, alipigia watu.