Mkono Uliokatika na Mkono Uliokatwa: Jeraha la Kazini katika Lugha na Riwaya ya Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo wahakiki wa fasihi yetu wamelipitia juu juu, nalo ni namna lugha ya Kiswahili, na riwaya iliyoandikwa kwa lugha hiyo, inavyomsimulia mtu aliyeumia kazini na kwa sababu hiyo akaipoteza kazi yake. Mengi yamekwisha andikwa juu ya unyonyaji, matabaka na migomo. Mwandishi wa makala haya, alipokuwa akisomea shahada ya pili ng'ambo, alifunzwa kulitafuta tabaka katika kila riwaya aliyopewa. Hakufunzwa kuutafuta mwili. Lakini mfanyakazi huingia kazini na mwili wake, na mara nyingi mwili huo huo ndio unaomtoa.

Tunaanzia katika sarufi. Kuna tofauti baina ya kusema "mkono umekatika" na kusema "mkono umekatwa". Kauli ya kutendeka inatupa tukio lisilo mtendaji. Kauli ya kutendwa nayo yaweza kunyamaza juu ya mtendaji, lakini inakiri kwamba yupo, na inatuachia nafasi ya kumtaja kwa neno "na": umekatwa na nini, umekatwa na nani? Swali tunalouliza ni hili: je, fasihi yetu imeusimulia mkono uliokatika au mkono uliokatwa? Na je, imekaa na mwenye mkono huo baada ya siku ya kuumia?

2. Ushahidi wa methali na misemo

Methali ya kwanza inayomjia Mswahili midomoni penye msiba wa namna hii ni "Ajali haina kinga." Neno "ajali" asili yake ni Kiarabu, ambako "ajal" ni muda uliokadiriwa, hasa kikomo cha uhai wa mtu. Kiswahili kimelitoa neno hilo katika mambo ya kadari na kulipeleka barabarani, kiwandani na bandarini, nalo limekwenda huko na kadari yake. Anayesema "ni ajali" anatoa taarifa, na papo hapo anafunga mjadala.

Methali ya pili ni kali zaidi: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Hapa yupo wa kulaumiwa, naye ni mwenye guu. Tukitazama kitenzi, tutaona kwamba ni "huvunjika", si "huvunjwa". Mkuu ametoa neno lake akajitenga; guu limevunjika lenyewe kwa ukaidi wa mwenyewe. Msimamizi wa kazi hahitaji methali nyingine.

Misemo ya kupoteza kazi inafuata mkondo huo huo. Twasema "kibarua kimeota nyasi", kana kwamba kazi ni shamba lililoachwa likajiotea, wala hapana mtu aliyemfukuza mwenziwe. Au twasema "amemwaga unga", na sasa kosa ni la mfanyakazi mwenyewe ambaye hakuweza kukishika chombo chake. Katika misemo yote miwili mwajiri hayumo. Hata neno "kibarua" lina historia yake: ni barua ndogo, yaani kile cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, kisha jina la cheti likawa jina la kazi, na hatimaye likawa jina la mtu.

Haifai, hata hivyo, kuihukumu hekima ya wazee kwa upande mmoja. "Ajali haina kinga" humliwaza mtu aliyekwisha umia, na humwondolea mzigo wa kujilaumu usiku kucha. Na "Hujafa hujaumbika" ni ngao ya mlemavu dhidi ya dharau, kwa kuwa yamkumbusha mzima kwamba umbo lake bado halijakamilika. Methali hizi zina kazi njema katika nyumba ya mgonjwa. Ubaya wake hutokea zinapohamishiwa katika ofisi ya mwajiri, mahali ambapo kuliwaza si jambo linalotakiwa.

3. Riwaya ya mgomo

Riwaya iliyojitahidi kumtaja mtendaji ni Kuli ya Adam Shafi Adam, iliyotoka mwaka 1979. Mandhari yake ni bandari ya Unguja, na kilele chake ni mgomo wa mwaka 1948, mgomo ambao kwa kweli ulianza kwa makuli mwezi wa Agosti na kuenea mjini Septemba. Mhusika mkuu, Rashidi, anaingia katika kazi ile ile ya baba yake, na kwa mafunzo ya Faraji anaanza kuyaona mateso ya bandarini kuwa ni mambo yanayofanywa na watu kwa faida yao, wala si majaliwa. Kwa istilahi yetu, Faraji ni mwalimu wa kauli ya kutendwa: kila anapoambiwa kwamba jambo limetendeka, yeye huuliza limetendwa na nani. Said Ahmed Mohamed katika Dunia Mti Mkavu (1980) na Alamin Mazrui katika tamthilia ya Kilio cha Haki (1981) wanaelekea huko huko, kila mmoja kwa njia yake. Miaka ile mitatu ni ya neema kwa maandishi ya wafanyakazi katika Kiswahili.

Lakini umbo la riwaya ya mgomo lina mpaka wake. Riwaya hiyo humhitaji mfanyakazi akiwa kijana, mwenye nguvu za kubeba na za kugoma. Jeraha likitokea huwa cheche ya kuwashia hasira ya wengi. Likishawaka, halina kazi tena. Mgomo una siku ya kuanza na siku ya kwisha, hivyo unafaa kuwa kilele. Miaka 30 ya mtu asiyeweza kushika kijiko kwa mkono wa kulia haina kilele, na kwa hiyo haikuandikwa.

4. Maisha ya kazi kwa Shaaban Robert

Mtu atakayetaka kusoma juu ya mafunzo ya umri mzima wa kazi atarudi kwa Shaaban Robert. Mwandishi huyu aliajiriwa mwaka 1926 katika idara ya forodha, akatumika Pangani hadi 1944, akahamishiwa Mpwapwa, kisha akarudi Tanga. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ni kitabu cha mtu aliyetumikia ofisi za serikali ya kikoloni takriban maisha yake yote ya utu uzima, na subira aliyo nayo juu ya mtu mmoja na miaka yake haipatikani katika riwaya za mgomo. Anajua kwamba maisha ya kazi ni uhamisho, misiba ya nyumbani, masomo ya usiku na kuzeeka.

Hata hivyo, huyu ni karani. Kalamu humchosha mtu, lakini haimpondi. Ndiyo maana katika Utubora Mkulima kuacha kazi kunaweza kuwa tendo la hiari na la hekima: Utubora anaukataa ukarani na mshahara wake, anakwenda Busutamu kulima, na huko anapata utulivu. Funzo hili ni zuri, lakini lina sharti lisilotajwa, yaani mwili mzima. Mtu aliyeacha vidole vyake katika mashine hawezi kwenda Busutamu. Jembe lataka mikono miwili.

Twaona basi kwamba fasihi yetu ina nusu mbili zisizokutana. Nusu moja inamjua mtendaji lakini haina subira na mtendwa. Nusu ya pili ina subira na maisha ya mtu mmoja, lakini mtu huyo hakukatwa.

5. Ushahidi wa msimulizi mmoja

Mwandishi anaomba ruhusa ya kuleta ushahidi wa nyumbani. Baba yangu mkubwa alipakua shehena katika bandari ya Mombasa miaka ya 1970, kabla makontena hayajatawala. Siku moja winchi iliuachia mzigo, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vikabanwa. Alipewa fedha kidogo na karatasi iliyoandikwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, aliweka dole gumba la kushoto. Juma lililofuata aliambiwa hapana kazi. Baadaye alipata ulinzi wa usiku katika bohari moja, akaufanya kwa zaidi ya miaka 20.

Nilipokuwa mtoto, naye bado ni mlinzi, nilimsikia mara nyingi akisema, "Vidole vilikatika. Ajali haina kinga." Niliporudi kutoka masomoni, naye ameshaacha kazi, nilimwomba anisimulie tena. Safari hii alisema, "Nilikatwa vidole." Kiima kimebadilika: zamani vidole ndivyo vilivyosimama mbele ya kitenzi, sasa ni yeye mwenyewe. Nilimwuliza kwa nini habadiliki mambo akabadilika maneno. Akajibu, "Siku zile nilikuwa natafuta kazi, mwanangu." Kisha akaongeza kwamba breki za winchi ile zilikuwa mbovu tangu Jumatatu, na walisema. Yeye aliumia Alhamisi.

Jibu hilo lanilazimisha kuirekebisha hoja niliyoanza nayo. Nilidhani kauli ya kutendeka ni pazia ambalo lugha imemfunika nalo mfanyakazi asiweze kuona. Kumbe alikuwa akiona tangu siku ya kwanza. Alichagua "vilikatika" kwa sababu mtu anayesema "nilikatwa" hapewi kazi nyingine. Methali aliyoitumia ilikuwa barua ya kuombea kazi. Mhakiki anayeisikia na kuhitimisha kwamba msemaji hana mwamko atakuwa amesoma maneno bila kumsoma msemaji.

6. Fidia na simulizi

Yawezekana kuulizwa kama mambo haya si ya wanasheria. Nchini Kenya sheria ya mwaka 2007 ya manufaa ya majeraha kazini ilichukua mahali pa sheria ya zamani ya fidia za wafanyakazi. Inampa aliyeumia miezi 12 ya kuleta madai, na ulemavu wa kudumu unahesabiwa kwa kipimo cha mapato ya miezi 96, kila kiungo kikiwa na asilimia yake. Kwa kawaida mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kosa la mwajiri ili alipwe chini ya utaratibu huo. Hili ni jambo la kheri, maana anayeuguza jeraha hana nguvu ya kuwatafuta mashahidi.

Lakini maana yake ni kwamba sheria hulipa kwa ajili ya mkono uliokatika. Haina haja ya kujua habari za Jumatatu. Neno "fidia" lenyewe laelekeza huko: ni kikomboleo, kama kile anachotoa Mwislamu asiyeweza kufunga kwa uzee au maradhi yasiyopona. Fidia hufunga hesabu. Simulizi ya mkono uliokatwa inabaki bila mwenyewe, na hapo ndipo penye zamu ya fasihi.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tofauti ya viambishi viwili vidogo, "-ik-" na "-w-", yaweza kubeba historia ya maisha ya kazi ya mtu. Kwamba riwaya ya mgomo na tawasifu ya karani kila moja imetupa nusu ya historia hiyo. Na kwamba ukimya wa aliyeumia haufai kuchukuliwa kuwa ni ujinga.

Kwa idara kama yetu kuna kazi mbili zilizo karibu. Ya kwanza ni kukusanya simulizi za wafanyakazi waliostaafu, na kuzihifadhi kwa vitenzi vyake vile vile, bila kuzisahihisha. Ya pili ni tafsiri. Sheria ile ya 2007 iliandikwa kwa Kiingereza, na tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii. Mfanyakazi anayeletewa karatasi ya kuweka dole anastahili kuisoma kwanza. Wanaoweza kumwandikia karatasi hiyo kwa lugha anayoielewa ni wasomaji wa jarida hili.