Mpagazi Asiye na Jina: Kutoka Sanamu ya Askari hadi Ziwani

Uhakiki wa sanaa za vita aghalabu huanza na silaha. Katika Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, Ali na upanga wake ndio kitovu cha mapigano. Karibu karne tatu baadaye, sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa jijini Nairobi mwaka 2007 inamwonyesha akiwa na bunduki na jambia. Kazi hizi zinatofautiana kwa fani na itikadi, ila zinaafikiana katika jambo moja: shujaa ana silaha, na shujaa ana jina.

Sanamu ya Askari iliyoko Kenyatta Avenue, kazi ya James Alexander Stevenson ya mwaka 1928, haimo katika maafikiano hayo. Ina watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Kumsimamisha mbeba mizigo jukwaa moja na wabeba bunduki si jambo dogo. Hata hivyo, kile ambacho mchongaji amekitoa, maandishi ya chini yanakinyang'anya. Katika maandishi hayo, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na ambayo maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, askari ni mpiganaji kamili ilhali wapagazi wanafananishwa na viungo vya mwili wa jeshi. Ni sifa, bila shaka. Lakini kiungo hakiitwi kwa jina. Maandishi hayo hayo yanamwahidi apiganiaye nchi kwamba wanawe watalikumbuka jina lake, nayo yamewekwa kwenye mnara usiotaja jina la hata mmoja wao. Kinaya hiki hakikukusudiwa, na ndiyo sababu kinachoma.

Huenda ikadaiwa kwamba mnara hauna nafasi ya majina. Hoja hiyo ni dhaifu: utendi, wenye mizani minane tu kwa kila kipande, umepata nafasi ya kuwataja masahaba mmoja mmoja. Tena, upungufu huu si wa mnara pekee. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikadiria kuwa watu wasiopungua 116,000 waliofia upande wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo msomaji wa sanamu hii hana budi kutoka katikati ya jiji na kuelekea Ziwani, mtaa unaopakana na Kariokor. Jina Kariokor limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita hivyo. Dar es Salaam iliisaga konsonanti ya mwisho ikapata Kariakoo. Nairobi imeibakiza, kana kwamba kovu la neno la kigeni halijafunga. Hakuna mchongaji aliyeajiriwa kwa kazi hiyo wala pazia lililofunuliwa. Wasemaji wenyewe ndio waliomchora mpagazi, bila bunduki na bila kiungo kilichotengwa na mwili. Nao pia, ni kweli, walihifadhi kikosi wakampoteza mtu. Lakini hawakumwahidi jina ambalo hawakuwa nalo.