Hongereni, Wapima Mvua

Saa tatu kamili asubuhi, katika vituo vya hali ya hewa vya Kenya na Tanzania, mpima mvua hufungua kipimamvua, humimina maji kwenye silinda, kisha huinama hadi jicho lilingane na maji. Uso wa maji hubonyea katikati na kupanda kandokando. Yeye husoma pale chini pa mbonyeo. Akichungulia kutoka juu, atakosea. Huandika, kwa mfano, milimita 12.4, si "kama 12". Isiponyesha, huandika 0.0, maana nafasi tupu haisemi kama mvua haikunyesha au mtu hakwenda kupima. Akikosea hafuti: hukata kwa mstari mmoja, namba ya kwanza ibaki ikisomeka.

Kazi hii haijui Idi wala Krismasi. Lakini ina faida: milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, na kwa hesabu hiyo wahandisi hupanga ukubwa wa makalavati, wakulima huambiwa lini wapande. Haba na haba hujaza kibaba: siku hadi siku hutimia miaka 30, kipindi kinachotumika kueleza tabianchi ya mahali.

Wapima mvua, hongereni. Daftari lenu ni shahidi tunayemwamini.