Mto Mzima Ndani ya Bika Sita

Masika yakikolea kwenye milima ya Uluguru, mto Ruvu hushuka na rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo ndiyo tegemeo kubwa la Dar es Salaam, kupitia mitambo ya Ruvu Juu kule Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo. Ruvu Chini peke yake umepanuliwa uweze kuzalisha lita milioni 270 kwa siku. Katika mitambo ya aina hii mgeni huonyeshwa pampu, matangi makubwa, vichujio vya mchanga na mitungi ya klorini. Ni nadra kuonyeshwa meza ya maabara, ambako fundi sanifu hupima tope litakavyotuama kabla halijaingia kwenye tangi. Bila meza hiyo, vyote vingine vinafanya kazi kwa kubahatisha.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tope lisiachwe litulie lenyewe? Jibu lilipatikana mwaka 1851 kwa George Gabriel Stokes, mwanahisabati mzaliwa wa Ireland aliyefundisha Cambridge. Alikuwa akichunguza jinsi hewa inavyokwamisha pendulamu, na katika hesabu zake ikatoka kanuni ya chembe inayozama ndani ya kimiminika. Chembe ikipungua kipenyo mara kumi, mwendo wake hupungua mara mia. Mchanga laini wenye kipenyo cha milimita 0.1 huzama mita moja kwa takriban dakika mbili. Chembe ya milimita 0.01 huhitaji saa tatu. Ile ya milimita 0.001, ambayo ni mfinyanzi, huhitaji karibu siku 13, tena maji yakiwa hayatikisiki hata kidogo. Hakuna jiji linaloweza kusubiri hivyo.

Mfinyanzi una ukaidi mwingine. Chembe zake zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana na kukataa kushikana. Dawa ya kale ya ukaidi huo ni shabu, lile jiwe jeupe ambalo kinyozi hulipitisha mahali wembe ulipokwaruza, na ambalo nyumba nyingi hulikoroga ndani ya ndoo ya maji ya mto. Alumini iliyomo ina chaji chanya. Huzima msukumano wa chembe, kisha hufanya utando laini unaozikusanya kuwa vibonge. Kibonge ni kikubwa, na kikubwa huzama upesi. Kinachobaki kujulikana ni kiasi cha dawa, na hapo ndipo ufundi unapoanza.

Kifaa chenyewe ni cha kawaida: vijikasia sita vinavyozungushwa kwa mwendo mmoja, na chini ya kila kimoja bika ya lita moja. Fundi huchota maji ghafi pale yanapoingia mtamboni, ya saa ile ile, si ya jana. Shabu ameshaiyeyusha, gramu 10 ndani ya lita moja ya maji safi. Hesabu yake ni nyepesi kwa makusudi: mililita moja ya mchanganyiko huo ikitiwa kwenye lita moja ya maji ya mto, imetiwa miligramu 10 za shabu. Bika ya kwanza hupata mililita moja, ya pili mbili, mpaka ya sita.

Dawa huingizwa katika bika zote karibu kwa pamoja, vijikasia vikienda kasi, mizunguko mia na zaidi kwa dakika. Shabu humaliza sehemu kubwa ya kazi yake ndani ya sekunde chache, na isiposambaa mara moja sehemu yake hupotea bure. Baada ya dakika moja mwendo hupunguzwa mpaka mizunguko 30 hivi. Kwa dakika 15 au 20 maji huzunguka taratibu, chembe zikutane na zishikane bila kuvunjwa. Anayeharakisha hatua hii huvipasua vibonge alivyokwisha kuvitengeneza, na vikishapasuka havirudi kuwa imara kama mwanzo. Kisha mota huzimwa, vijikasia huinuliwa polepole, na bika huachwa nusu saa.

Ukimtazama fundi mzoefu wakati wote huo utadhani hana kazi. Ameinama, macho yako usawa wa bika, taa iko nyuma ya bika hizo. Anatazama ni bika ipi iliyotangulia kutoa nukta za vibonge vya kwanza, na nukta zilichukua dakika ngapi. Anatazama kama vibonge vinashuka wima au vinaelea na kuyumba. Zaidi ya yote anatazama nafasi iliyo katikati ya vibonge. Mwanafunzi huvutiwa na vibonge vinene, lakini mwalimu wake hutafuta maji maangavu baina yao, maana kibonge kinene kilichozungukwa na ukungu kimeacha nyuma chembe nyingi ambazo hazikushikwa. Bika ya kwanza na ya pili mara nyingi hubaki na ukungu wao. Ya sita nayo yaweza kushangaza: dawa ikizidi, chaji ya chembe hugeuka kutoka hasi kuwa chanya, zikaanza kusukumana upya, na maji yakarudi kuwa machafu. Anayeamini kwamba dawa nyingi ndiyo usafi mwingi hurekebishwa na bika hiyo.

Baada ya jicho huja kipimo. Fundi huchota maji kwa pipeti sentimita chache chini ya uso, bila kuamsha kilicholala chini, na kupima tope kwa vipimo vya NTU. Shirika la Afya Duniani hushauri maji yawe chini ya NTU 1 kabla ya kutiwa klorini, kwa kuwa vijidudu hujificha nyuma ya chembe na klorini isiwafikie. Vichujio vya mchanga vitamalizia kazi, lakini haviwezi kubeba mzigo ambao tangi la kutuamishia limeshindwa kuupunguza. Tuseme bika ya nne imetoa NTU 2 na ya tano 1.8. Fundi huchagua ya nne, kwa sababu tofauti hiyo ndogo haifai gharama yake. Miligramu 10 kwa lita, katika mtambo wa lita milioni 270, ni tani 2.7 za shabu kila siku.

Kwa nini asitumie jedwali la mwaka jana? Kwa sababu mto hausomi jedwali. Mvua huongeza tope na wakati huo huo huzimua chumvi zinazoyawezesha maji kuhimili asidi. Shabu yenyewe huyasogeza maji upande wa asidi, na asidi ikizidi mno vibonge havijengeki, hata dawa iwe nyingi kiasi gani. Siku kama hiyo fundi hurudia jaribio kwa kuongeza chokaa, na hapo ndipo bika iliyogoma huanza kutoa nukta. Tope la leo lina mfinyanzi mwingine, majani mengine, asidi nyingine. Linahitaji kuulizwa upya.

Kanuni ile ile ya Stokes hutumiwa pia na watu wenye haja iliyo kinyume. Katika maabara za udongo, kama ile ya Mlingano mkoani Tanga, hakuna anayetaka chembe zishikane. Udongo hukaushwa, hupitishwa kwenye chekecheo la milimita 2, kisha gramu 50 huchanganywa na chumvi ya fosfeti inayozitenganisha chembe zote. Mchanganyiko huingia katika silinda ya lita moja, hutikiswa, na saa huanza kuhesabiwa. Katika sekunde 40 mchanga umeshazama. Baada ya saa mbili, kilichobaki kikielea huhesabiwa kuwa mfinyanzi. Haidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika, ikitumbukizwa nyakati hizo mbili hueleza shamba lina mchanga kiasi gani, na mfinyanzi kiasi gani. Njia hii ilitangazwa mwaka 1927 na George Bouyoucos, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi Michigan, na mpaka leo inatumika kwa sababu inahitaji vifaa vichache na uangalifu mwingi. Fundi wa Tanga lazima apime pia joto: maji ya nyuzi 30 yana mnato pungufu kwa moja ya tano kuliko ya nyuzi 20, na asiporekebisha atampa mkulima majibu ya udongo usiokuwa wake.

Hospitalini nako, damu iliyotiwa sitrati ili isigande husimamishwa katika mrija wa Westergren wenye vipimo vya milimita 200, ikasomwa baada ya saa moja. Chembe nyekundu zikizama upesi kupita kawaida, daktari hushuku uvimbe au maambukizi. Mrija ukiinama kidogo tu, chembe huzama haraka na mtu mwenye afya huonekana mgonjwa. Ni ufundi ule ule: kuweka chombo sawasawa, kuheshimu saa, na kutogusa.

Tukirudi kwenye maji, hata dawa za asili haziepuki jaribio la bika. Mtafiti Samia Al Azharia Jahn aliandika kwa kina jinsi wanawake wa Sudan walivyosafisha maji ya Nile kwa mbegu za mlonge zilizotwangwa. Protini ya mbegu hizo ina chaji chanya, nayo hushika tope bila kuyafanya maji kuwa ya asidi. Lakini huacha mabaki ya mmea, hivyo maji hayafai kuwekwa muda mrefu zaidi ya siku moja. Na kiasi cha mbegu hupatikana kwa njia ya bika zile zile, kwa kujaribu maji yaliyopo.

Siku hizi vipo vihisi vinavyofuatilia chaji ya maji mfululizo na kurekebisha dawa vyenyewe. Ni msaada mkubwa, na ni haki viwepo. Lakini hata vihisi hivyo hulinganishwa na jaribio la bika ili ijulikane kama bado vinasema kweli. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaopanga bajeti za mamlaka za maji. Bika sita, kipima tope na mshahara wa fundi anayejua kuvitumia ni gharama ndogo ukilinganisha na tani za dawa zinazoweza kupotea katika wiki moja ya masika. Mkitafuta pa kubana matumizi, hapo msiguse.