Damu au Historia? Tukisoma Tena Kitabu cha Mnyampala juu ya Wagogo

Katika mitaa ya Kizota, upande wa magharibi wa Dodoma, Mgogo huishi leo ukuta kwa ukuta na Mrangi, Mnyaturu, Mhehe, Mchagga na wengineo walioletwa na makao makuu ya nchi, tangu uamuzi wa mwaka 1973, na zaidi tangu wizara zilipoanza kuhamia mwaka 2016. Mchanganyiko huo ni wa heri. Hata hivyo umefuatana na usemi usio wa heri, ambao walimu huusikia hata madarasani: kwamba tabia ya kabila ni jambo la damu. Fulani ni hodari wa biashara, ni damu yake. Fulani ni mkali, ni damu. Na Mgogo, wasema, huombaomba kwa sababu ndivyo alivyozaliwa. Siku hizi usemi huo umevishwa joho la sayansi. Kijana aliyejifunza habari za mabadiliko ya viumbe na chembe za urithi hudhani kuwa amepata shahidi.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kukisoma tena kitabu cha Mathias Mnyampala, *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, kilichotolewa mwaka 1954. Wengi humjua Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, kwa mashairi na ngonjera zake, wala hawajui kuwa kabla ya ngonjera aliwaandikia Wagogo historia yao, tena kwa Kiswahili, ili isomwe na wasiokuwa Wagogo pia.

Ubora mkubwa wa kitabu hiki ni subira ya mwandishi katika kuzifuata asili za koo. Msomaji atafutaye damu moja ya Kigogo atahangaika bure. Koo hizo zilitoka pande mbalimbali za majirani, Uhehe ikiwa mojawapo, zikakutana katika nchi kame, zikafuga, zikalima uwele na mtama, zikaoana, hatimaye zikawa watu wa lugha moja. Hata jina lenyewe, kama isimuliwavyo, walipewa na wapita njia wa misafara ya Wanyamwezi waliowakuta penye gogo. Basi, damu hiyo isemwayo ni ya nani katika hao wote?

Lakini ushahidi ulio na nguvu zaidi dhidi ya usemi wa damu tunaupata tukiweka kando ya kitabu hiki maandishi ya wageni waliopita Ugogo kabla ya ukoloni. Burton alipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Wote wawili walinung'unika, na manung'uniko yao yanafanana: Wagogo ni wenye kiburi, hawaogopi bunduki, na kila mtemi hudai hongo kabla ya kuuruhusu msafara upite. Na walikuwa na sababu ya kudai. Msafara utokao pwani ulivuka kwanza nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji, ukafika Ugogo una kiu na njaa. Visima vilikuwa vya wenyeji, na nafaka ilikuwa ya wenyeji. Mgogo wa wakati huo hakuwa mwombaji hata kidogo. Aliyeomba njia, maji na chakula alikuwa mgeni.

Zikapita kama miaka sitini tu. Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe katika Afrika Mashariki. Wajerumani wakatwaa nchi na hongo ikakoma. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza walioingia Dodoma mwaka 1916, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Ikafuata njaa iitwayo Mtunya, toka 1917 hadi 1920, ambayo inakadiriwa iliua watu wapatao 30,000. Ni baada ya misiba hiyo ndipo sifa ya Mgogo ilipogeuka machoni pa watu, kutoka mtoza ushuru mwenye kiburi kuwa maskini wa kuhurumiwa. Yatupasa tuulize: chembe za urithi za taifa zima zaweza kugeuka katika vizazi viwili au vitatu? Hazikugeuka. Yaliyogeuka ni mambo waliyotendewa watu hao.

Hapo ndipo neno *kuhemea* linapostahili kutazamwa kwa makini. Mvua ya Dodoma haizidi sana milimita 570 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa msimu mmoja, toka Desemba hadi Aprili. Tena hubagua: hapa mavuno, kijiji cha pili ukame. Katika nchi ya namna hiyo mwenye kukosa huenda kwa mwenye kupata, pengine na mbuzi wa kubadilisha kwa nafaka, pengine na mikono yake ya kulima, pengine na undugu tu. Na mwaka wa pili zamu hugeuka. Huo ni utaratibu wa kuhifadhiana, na ulifanya kazi ya ghala. Mgeni akiutazama kwa siku moja, tena katika mwaka wa njaa, atauita ombaomba.

Hatusemi kwamba mwili hauna neno katika maisha ya jamii. Kusema hivyo ni kosa la pili, na walimu wengine huliangukia kwa nia njema. Tuchukue maziwa. Watu wazima walio wengi duniani hawawezi kumeng'enya vema sukari ya maziwa mabichi. Uwezo wa utotoni hupungua. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta badiliko la urithi liwapalo watu uwezo huo hata ukubwani, ambalo si lile la Wazungu, na ambalo lilienea katika muda unaokadiriwa kuwa kati ya miaka 3,000 na 7,000 iliyopita, yaani katika enzi za ufugaji. Tazama mfuatano wa mambo. Binadamu hawakuanza kufuga kwa kuwa miili yao ilikuwa tayari kwa maziwa. Walifuga kwanza, na mwili ukafuata nyuma polepole, baada ya mamia ya vizazi. Na hata hivyo mwili haukungojwa: mtindi wa kibuyuni, ambao sehemu ya sukari yake imekwisha kuliwa na vijidudu, ulimwezesha mtu kunywa bila badiliko lolote la urithi. Katika uchunguzi huohuo Wahadzabe wa Eyasi, ambao si wafugaji, walionekana nao kuwa na watu wengi wenye uwezo huo. Mambo ya urithi hayafuati mipaka ya makabila kama tungependa. Richard Lewontin alikwisha kuonyesha mwaka 1972 kwamba sehemu kubwa ya tofauti za urithi, kama asilimia 85, imo baina ya mtu na mtu ndani ya jamii moja.

Tukirudi kwa Mnyampala, tuna lawama moja. Jina la kitabu limeitenga historia na mila, kana kwamba historia ilitembea na mila ikakaa. Mgawanyo huo ulikuwa wa kawaida katika vitabu vya namna hiyo vya wakati wa ukoloni, wala si yeye aliyeubuni. Lakini umewapa wasomaji wavivu nafasi ya kuruka kurasa za koo na uhamaji, wakaenda moja kwa moja kwenye desturi, na kuzisoma kama orodha ya maumbile ya Wagogo. Mwalimu atumiaye kitabu hiki angefanya vema kuanza na koo, kisha awaulize wanafunzi ni mvua gani, ni jirani gani na ni serikali gani iliyoifanya kila desturi iwe na maana.

Angeweza kuanzia hata na lile neno lenyewe. *Kuhemea* limo katika Kiswahili cha watu wote, na mama wa Kizota wa kabila lolote, akitoka na kikapu kwenda sokoni kununua unga na mlenda, husema bila haya yoyote kwamba anakwenda kuhemea.